Ukitunga ukanda wa mataifa, anza na swali hili: serikali inakula wapi?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wale tunaotunga mataifa ya kubuni: wachezaji wa michezo ya kuendesha nchi, waandishi wa hadithi, wachora ramani, na vikundi ambavyo kila mtu ana nchi yake na zote zinakaa kwenye ukanda mmoja. Nimesoma maelezo ya nchi nyingi za wenzetu na karibu zote zinafuata mkondo uleule. Bendera, wimbo wa taifa, jina la rais na cheo chake kirefu, jeshi na manowari zake. Kisha mstari mmoja: "Uchumi: imara." Mwingine: "Wananchi: wakarimu, wapenda amani." Basi.

Sina ugomvi na bendera. Tatizo ni kwamba nchi ya namna hiyo haina pa kwenda. Ikikutana na jirani hawana la kuzungumza isipokuwa vita au mkataba wa urafiki, na ndiyo maana kanda nyingi za kubuni huchangamka wiki mbili, halafu kimya.

Hoja yangu ni hii: kabla hujaandika katiba, andika serikali inapata wapi pesa zake. Nani anatoa, anatoa kwa hiari au kwa kubanwa, na akigoma kutoa serikali inaumia kiasi gani. Ukishalijibu hilo, aina ya utawala, heshima ya raia mbele ya afisa, hata kazi ambayo mzazi anamtakia mwanawe, vyote vinaanza kujipanga.

Tutumie mfano wa ukanda nilioutunga mwenyewe, nauita Pembetano. Una nchi tano. Mlango ni mji wa bandari kwenye mlango mwembamba wa bahari. Hauna shamba wala mgodi, lakini meli zote zinapita mbele ya ngome yake. Mbugani ni nchi ya nafaka, pana, yenye watu wengi. Chumvini ni jangwa lenye watu wachache na madini ya thamani. Kilele ni milima, mito yote inaanzia huko, ila haina pwani. Matumbawe ni visiwa vya wavuvi na mabaharia.

Nianze na Mlango, maana nchi yenye mlango wa bahari kila mtu anaipenda na wengi wanaitunga vibaya. Wanampa mfalme minyororo ya kuziba njia na mizinga. Historia ina kitu kizuri zaidi. Denmark ilitoza ushuru meli zilizopita kwenye mlango wa Øresund, njia ya kuingilia Bahari ya Baltiki, kuanzia karne ya 15, mwaka 1429, hadi 1857. Nahodha alitia nanga kwenye mji wa Helsingør, akashuka na karatasi zake. Baadaye ushuru ulipokuja kuhesabiwa kwa thamani ya shehena, nahodha mwenyewe ndiye aliyetaja thamani hiyo. Utasema basi kila mtu angedanganya. Hapana, kwa sababu mfalme alijiwekea haki ya kuinunua shehena kwa bei ileile iliyotajwa. Taja ndogo, unaweza kulazimika kumuuzia mzigo kwa hasara. Taja kubwa, unalipa ushuru mkubwa. Karani hana haja ya kufungua pipa hata moja; anamtazama nahodha machoni, anaandika.

Kanuni moja tu ya forodha, na tayari una tukio la hadithi, una ajira, una tabia ya watu.

Sasa angalia upande wa siasa. Pesa hizo zilikwenda kwa mfalme, hazikupitia mikononi mwa baraza la makabaila. Mfalme Christian IV aliingia kwenye Vita vya Miaka Thelathini, vita vikubwa vya Ulaya, mwaka 1625 ingawa baraza lake halikutaka, na aliweza kwa sehemu kubwa kwa sababu alikuwa na fedha zake mwenyewe. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mtawala anayekula kwa wapita njia hana sababu ya kuwaomba ruhusa watu wake. Mtawala wa Mlango atakuwa mpole kwa manahodha wa kigeni na mkavu kwa raia, na mtoto wa ukoo bora atafundishwa lugha na hesabu kabla ya upanga. Adui wake mkubwa atakuwa mtu yeyote anayechunguza njia nyingine ya kupita.

Chumvini ni hatari zaidi. Nchi yenye mali chini ya ardhi na watu wachache juu yake inaweza kuishi bila kumtoza raia hata senti. Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, ilipata uhuru mwaka 1968, na kwa fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) ikawa miongoni mwa nchi zenye kipato kikubwa zaidi kwa kichwa duniani katika miaka ya 1970. Kodi ya mapato haikuwepo. Fosfeti ilipopungua na uwekezaji kuharibika, serikali ikajikuta haina mazoea ya kutoza wala raia mazoea ya kudai hesabu, na ardhi ya katikati ya kisiwa imebaki miamba mitupu iliyochimbwa.

Mtu atanitajia Norway. Ni kweli, mafuta makubwa yaligunduliwa 1969, sheria ya mfuko wa akiba ya fedha za mafuta ikapitishwa 1990, na fedha za kwanza zikawekwa 1996. Lakini Norway ilikuwa na bunge, mahakama, magazeti na walipakodi miaka mingi kabla tone la kwanza halijatoka. Kwa hiyo ukitunga Chumvini, swali la kujiuliza ni kipi kilitangulia, bunge au mgodi. Ukibadilisha mpangilio huo, unapata nchi mbili tofauti kabisa zenye madini yaleyale.

Mbugani ndiyo nchi inayoonekana ya kawaida, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Hapa serikali inakula kwa watu wengi, kidogokidogo. Ili uwatoze lazima uwajue: sensa, wapima ardhi, daftari la kila kijiji, karani anayefahamu nani kafa na nani kaoa. Ili wakubali, lazima uwasikilize, angalau wale wenye nacho. Kodi nayo inaacha alama. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha kwa matofali ili walipe kidogo. Mpaka leo kuna nyumba za zamani zenye madirisha yaliyozibwa. Ukiandika mtaa wa Mbugani, kodi ionekane ukutani kabla mhusika hajafungua mdomo.

Karibuni. Leteni nchi zenu.

Mchangiaji wa 2

Asante kwa uzi, mkuu, nimejifunza. Ila naona umeifanya nchi kuwa sanduku la fedha. Watu wanakufa kwa ajili ya dini, lugha, makaburi ya babu zao. Mimi nchi yangu nilianza na imani mbili zinazogombea mlima mmoja, na haijawahi kunikosesha hadithi. Uswisi ina lugha nne za taifa na imewahi kuwa na vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Hapo pesa ziko wapi?

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipuuza. Mlima wenye imani mbili ni mwanzo mzuri mno, na nakiri kwamba hakuna hesabu ya ushuru inayoweza kueleza kwa nini mtu anakubali kufa kwa ajili ya kaburi.

Ila umenipa mfano ninaoupenda. Uswisi ina majimbo 26, na kila jimbo linajipangia kodi zake za mapato. Hata manispaa zina viwango vyao. Serikali kuu ndiyo iliyofungwa kamba: ruhusa yake ya kutoza kodi ya moja kwa moja ya shirikisho imewekewa mwisho ndani ya katiba, na huongezwa kwa kura ya wananchi. Kura ya mwaka 2018 iliisogeza hadi mwisho wa 2035. Hebu fikiria serikali kuu inayolazimika kurudi kwa watu kuomba tena ruhusa ya kula. Watu wa lugha tofauti wanavumiliana kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna anayeogopa kwamba jirani wa lugha nyingine ataondoka na makusanyo yake.

Basi endelea na mlima wako. Uliza tu nani anakusanya sadaka za mahujaji, na nani anatengeneza njia ya kupandia. Ugomvi wa imani utabaki palepale, ila utakuwa na ratiba, wahasibu na mashahidi.

Mchangiaji wa 3

Wakuu, sisi kwenye ukanda wetu tumeunda Baraza la Mataifa, kila nchi ina kura ya turufu ili wadogo wasionewe. Sasa ni miezi mingi hakuna azimio linalopita. Mmoja anakataa kila kitu mpaka apewe kisiwa. Tufute turufu?

Mleta uzi

Hapa nikae kidogo, maana hili ndilo linaloua kanda nyingi.

Turufu ya kila mmoja ilishajaribiwa. Bunge la Poland na Lithuania lilikuwa na utaratibu ambao mjumbe mmoja akisema "sikubali" kikao kizima kinavunjika pamoja na yote yaliyokwisha kupitishwa. Ilitumika hivyo kwa mara ya kwanza 1652. Majirani wakagundua kwamba kumhonga mjumbe mmoja ni nafuu kuliko kulisha jeshi. Katiba ya Mei 1791 ikaifuta, lakini wakati huo nchi ilikuwa imeshamegwa mara moja, mwaka 1772. Ikamegwa tena 1793, na 1795 ikatoweka kwenye ramani.

Kabla hujaifuta turufu yako, tazama upande wa pili. Umoja wa forodha wa Wajerumani, ule ulioanza kazi 1834 chini ya Prussia, dola kubwa ya Wajerumani, nao uliamua mambo kwa kauli moja. Nchi ndogo kabisa ingeweza kukataa. Ukadumu hata hivyo, miaka 37 kabla Ujerumani haijawa dola moja. Tofauti iko kwenye hazina: ushuru uliokusanywa mipakani uligawanywa kwa idadi ya watu, na mikataba ilikuwa ya muda, ikiisha inajadiliwa upya. Mtawala mdogo aliyefikiria kujitoa alijua kesho yake atalipia mwenyewe vituo vya forodha kuzunguka nchi yake yote, na kile kitita cha kila mwaka hakitakuja tena. Turufu ilikuwepo, ila kuitumia hovyo kuligharimu.

Baraza lako, ndugu yangu, halina kitu cha kumnyima mkorofi. Ndiyo shida.

Wamarekani walipitia kinyume chake. Chini ya katiba yao ya kwanza, iliyoanza kutumika 1781, Bunge la muungano halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Lilikuwa likiomba michango kwa majimbo, na majimbo yalichangia yanavyojisikia. Askari waliopigania uhuru wakadai mishahara bila kulipwa. Mwaka 1787 wakakaa upya na kuandika katiba nyingine iliyoipa serikali kuu uwezo wa kutoza.

Na Ulaya nayo ilianza kidogo sana. Mkataba wa Paris wa 1951 uliunganisha makaa ya mawe na chuma cha nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Kitu kinachopitwa kirahisi ni kwamba mamlaka yake ya juu ilipewa haki ya kutoza tozo ndogo moja kwa moja kwenye uzalishaji wa makaa na chuma, bila kupitia hazina za nchi wanachama. Tozo yenyewe haikupaswa kuzidi asilimia moja isipokuwa kwa kibali maalumu. Ilitosha. Chombo chenye mapato yake hata kidogo hakiamki kila asubuhi kikihofia nani kanuna.

Ushauri wangu kwa Baraza lenu: acheni turufu kwenye mambo ya mipaka na vita. Halafu undeni mfuko mmoja wa pamoja, tuseme tozo ya bandari, na mgawo wake uende kwa kanuni iliyoandikwa. Anayegomea bajeti anasimamisha mgawo wake pia. Nyinyi wenyewe mtaona mtu wa kisiwa anavyobadilika.

Angalizo moja. Kanuni ya mgawo inaweza kumlemaza mdogo. Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika umekuwepo tangu 1910, na Lesotho na Eswatini zimezoea kupata sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali kutoka kwenye mfuko huo wa pamoja. Bidhaa zinazoingia Afrika Kusini zikipungua, bajeti ya Maseru, mji mkuu wa Lesotho, inatikisika bila mtu wa Maseru kufanya kosa lolote. Kwenye Pembetano hili ndilo linaloisumbua Matumbawe: bendera yake, bunge lake, lakini mishahara ya walimu inategemea meli zinazotia nanga kwenye nchi nyingine.

Mchangiaji wa 4

Mkuu, mimi naendesha nchi ya aina ya Kilele, haina bahari. Kila mtu ananiambia nipigane nipate bandari. Kuna njia nyingine?

Mleta uzi

Zipo. Vita ya bandari ni rahisi kuandika lakini inakula hadithi yote.

Kuna uchungu wa kweli hapo kwanza, usiufute. Bolivia ilipoteza pwani yake kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879, na mkataba wa 1904 ukahitimisha jambo. Mpaka leo Bolivia ina jeshi la majini. Linafanya doria Ziwa Titicaca na mitoni. Nchi inaweza kubeba bahari isiyokuwa nayo kwa zaidi ya karne. Kwenye Kilele weka chuo cha unahodha, wahitimu wake wakaajiriwe na Matumbawe. Huo ni uhusiano wa nchi mbili wenye damu ndani yake.

Njia ya kukodi bandari ni ya kawaida kuliko ya vita. Ethiopia imekosa pwani tangu Eritrea ijitenge 1993, na sehemu kubwa kabisa ya bidhaa zake hupitia Jibuti. Angalia nani anamhitaji nani: mwenye bandari anaishi kwa mizigo ya jirani, na mwenye mizigo hana mlango mwingine wa kutosha. Hakuna anayeweza kumnunia mwenzake kwa muda mrefu.

Lakini karata ya Kilele ni maji. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Mwaka 1986 zilitiliana saini mkataba wa maji ya milimani: Lesotho inajengewa mabwawa na mahandaki, maji yanateremka hadi eneo la viwanda la Gauteng, na Lesotho inalipwa mrabaha na kupata umeme. Hilo ni jambo kubwa kwa nchi ndogo. Pia lina watu waliolipia: vijiji vilivyohamishwa, malisho na mashamba yaliyozama. Mtunzi mwenye huruma hataishia kwenye saini za mawaziri. Ataandika mwanakijiji anayeambiwa fidia yake italetwa kwa magunia ya nafaka kila mwaka wakati yeye alikuwa na shamba lake la kuwaachia watoto.

Halafu weka karani wa Kilele pale bwawani, anasoma kipimo cha maji kila asubuhi, na karani wa Mbugani kasimama pembeni anaandika namba hiyohiyo kwenye daftari lake. Siku namba zao zikitofautiana una mgogoro wa kikanda, na hakuna aliyevuta upanga.

Mchangiaji wa 5

Naweka kambi hapa. Swali fupi: sarafu moja kwa ukanda mzima, ndiyo au hapana?

Mleta uzi

Hapana mwanzoni. Ugiriki ilionyesha baada ya 2009 jinsi nchi inavyobanwa ikiwa na deni kubwa na sarafu ambayo yenyewe haina uwezo wa kuishusha thamani. Ukitaka sarafu moja, mtungie na mtu wa kumwokoa aliyezama, na uamue mapema atadai nini.

Pesa inaweza pia kuenea bila mkataba wowote. Fedha ya Maria Theresa ya Austria ilitumika katika biashara ya Bahari ya Shamu na Uhabeshi muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki mwaka 1780, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo 1780, kwa sababu wafanyabiashara walishaizoea na kuiamini sura yake. Walihesabu hata lulu kwenye bruchi (pambo la nguo) yake kuhakikisha si bandia. Ukanda unaotumia sarafu ya dola ya mbali, yenye uso wa mtu aliyekufa zamani, mimi naona una mvuto kuliko noti mpya ya Baraza.

Mchangiaji wa 6

Swali la mwisho kutoka kwangu, mleta uzi. Kwenye Pembetano yako Mlango unakamua kila mtu. Kwa nini hao wanne wasiungane waupige?

Mleta uzi

Wanaweza. Ila fikiria wakishaushinda: mmoja wao atakaa kwenye ile ngome, na wiki ya pili atatoza. Watatu waliobaki wanalijua hilo, kwa hiyo muungano wao unavunjika kabla ya meli ya kwanza kung'oa nanga.

Ushuru wa Øresund uliishaje? Marekani ilichoka, ikasema haitalipa tena. Mataifa ya biashara yakakutana Copenhagen, na mwaka 1857 yakakubaliana kuilipa Denmark fidia ya mkupuo, takriban rigsdaler (sarafu ya Denmark ya wakati huo) milioni 33.5, kila taifa likachangia kwa kadiri ya meli na mizigo yake, na njia ikawa huru. Marekani ilitia saini mkataba wake peke yake na kulipa sehemu yake. Hawakuuvunja mlango wa bahari, waliununua.

Basi hapo ndipo nilipoifikisha Pembetano mimi. Mezani kuna nchi nne zinazobishana nani alipe kiasi gani: Mbugani ina watu wengi lakini meli chache, Chumvini ina pesa lakini inataka riba, Kilele inasema italipa kwa maji, Matumbawe haina kitu ila ndiyo inayowapa wote mabaharia. Na ndani ya Mlango kuna mfalme anayejua kwamba akichukua kitita hicho, mwakani itabidi awageukie raia wake kwa mara ya kwanza awaombe kodi. Nao wameshaanza kuuliza watapewa nini.

Mwenye wazo la kanuni ya mchango, aweke hapa chini.